Majani ya Wajao

1

Ng'ombe mia nne na kumi na wawili walikuwa wamesimama kwenye mstari ambao hakuna mtu aliyeweza kuuona. Mbele yao majani yalifika kiunoni, makavu juu na bado mabichi kwenye mashina. Nyuma yao palikuwa na vumbi. Kila baada ya muda ng'ombe mmoja alijisahau, akapiga hatua tatu mbele, hereni ikalia sikioni mwake, umeme ukampiga, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Wenzake hawakushtuka tena. Walikuwa wamelizoea somo hilo kwa wiki tatu.

Mama mdogo Mbuke alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, fimbo magotini.

"Umefika, bibi mipango," alisema bila kugeuka. "Karibu uone kazi yako."

"Shikamoo, mayu," nilisema; kwetu mayu ni mama.

"Marahaba. Ng'ombe nao wangekusalimia, ila hawana nguvu. Uwasamehe."

Ndivyo alivyo. Alinilea tangu nina miaka sita, siku mama yangu alipofariki, na sikumbuki hata siku moja aliyonionea huruma bila kunichoma kwanza. Niliivuta pembe ya kitenge chake nikakaa chini kando yake. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, ofisa mipango miji daraja la pili wa Jiji la Lubigisa, na nilijisikia kama mtoto aliyevunja chungu.

Pale mbele yetu ndipo ilipo ngitili ya Mwabuluba. Asiyeijua ngitili aelewe hivi: mvua za kwanza zikinyesha, kijiji kinakifunga kipande cha ardhi. Hapakanyagwi, hapakatwi kuni, hapaingii hata mbuzi. Majani yanakua yakijiotea, na kiangazi kikikolea, mahali pengine pote pakiwa pamebaki udongo, ngitili inafunguliwa na mifugo inavuka salama mpaka mvua zirudi. Anayeingiza mnyama kabla ya siku yake anapelekwa mbele ya dagashida, baraza la kijiji kizima, na dagashida haina rufaa. Siku hiyo niliyofika ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Watu walikuja na ng'ombe wao alfajiri kwa mazoea tu, maana wote walijua kwamba haitafunguka.

Tangu mwezi wa sita ngitili ilikuwa imeandikwa ardhi ya Wajao.

"Jana wanawake watatu walikwenda na mundu," alisema mama mdogo. "Wakasema ng'ombe wamekatazwa, sisi hatukukatazwa. Leo wako rumande. Tabu Ng'hindi akakata hereni za fahali wake. Lile dude lenu la angani likaja, likamhesabu fahali kuwa ni wa wizi, likamchukua. Sasa niambie, wewe uliyesoma. Hao Wajao wanakula majani?"

"Hapana, mayu. Wanakunywa maji. Chini ya hapa kuna maji mengi kuliko mahali popote kuzunguka jiji. Majani yakiachwa na udongo usipokanyagwa, mvua inazama chini. Wakizaliwa watayakuta."

"Wakizaliwa lini?"

"Wanaohesabiwa ni wa mwaka elfu mbili mia moja na sabini na moja."

Alihesabu kwa vidole kidogo, akaacha. Ilikuwa miaka sabini na saba mbele. Kisha akasema polepole, bila utani wowote, "Kwa nini walipachagua hapa?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimeliogopa njia nzima. Jibu lake nilikuwa nalo tangu Mei ya mwaka uliopita, nilipokuja Mwabuluba na kishikwambi mkononi kuuliza dodoso la ardhi. Swali la nne lilisema: *Katika miezi sita iliyopita, nani ameingia au kuingiza mifugo katika eneo hili?* Niliwauliza watu wa kaya tisini na tatu. Wote walinijibu mara moja, wengine kwa hasira kidogo, kwamba hakuna. Mama mdogo, mwenyekiti wa kamati ya ngitili, alinijibu kwa kifua mbele: "Andika hivi. Hata panya hajaingia."

Wangejibu nini? Tangu Desemba mpaka Mei ngitili imefungwa. Kusema fulani ameingia ni kumshtaki jirani yako, na kusema nimeingia ni kujifunga kamba mwenyewe. Aliyelitunga swali lile alikuwa mtu wa mjini, ambako nyumba hutumika masika na kiangazi. Lakini mimi sikuwa mtu wa mjini. Mimi nilichapwa fimbo nikiwa na miaka tisa kwa kumfuata mwanambuzi hatua ishirini ndani ya ngitili ile ile. Nilijua walichokuwa wakisema. Chini ya swali kulikuwa na nafasi ya maelezo, mistari minne mizima, nami niliiacha wazi.

Niliiacha kwa sababu niliogopa kuonekana ninapendelea kwetu. Idarani tulikuwa tukisemwa, sisi watoto wa vijijini, kwamba kila tukipima makwao tunapaka rangi. Mimi nilitaka kuwa ofisa msafi. Nikaandika kile kilichosemwa na si kilichomaanishwa, nikaondoka kabla mvua haijanikuta, na mashine ikasoma: ardhi isiyoendelezwa, haina mtumiaji.

"Sijui, mayu," nilimjibu. Nilisema uongo nikitazama kwato za ng'ombe.

2

Bwana Kachwele, mkuu wa idara yetu, hakuwa mtu mbaya, na natamani angekuwa mbaya, maana ningepata pa kutupia hasira zangu. Alikulia kwenye jiji moja la pwani lililouza kila kiwanja chake. Liliuza viwanja vya mpira, ua wa hospitali, hata makaburi. Alisoma zamu ya tatu, darasa lao likiwa ni ngazi za ghorofa, kila mwanafunzi na kidato chake cha kukalia. Bibi yake alizikwa kwenye jengo la ghorofa tisa. Watu wa rika lake ndio waliolia mpaka sheria ikapita: ardhi yoyote isiyoendelezwa ndani ya mpaka wa jiji ni mali ya watakaoishi humo, na wao tu ndio wenye kura juu yake. Walio hai wana sauti, hawana kura.

"Nisikilize, Limi," aliniambia. Alikuwa amefungua kumbukumbu zangu zote mezani. "Unataka niwaambie Wajao nini? Kwamba mnakosea, rudisheni?"

"Ndiyo. Kwa sababu mimi ndiye niliyekosea."

"Hukukosea. Umeandika walichosema. Nimesikiliza sauti zao tisini na tatu. Hakuna, hakuna, hakuna. Mwingine anacheka."

Dirishani mwa ofisi yake ulionekana ukuta wa Wajao, kioo kimoja cha mashine kutoka sakafuni hadi darini. Tulikuwa tukiulisha kila mwisho wa mwezi: waliozaliwa, waliokufa, mvua, mavuno, waliohamia, waliooana. Kutokana na hizo hesabu mashine iliwatengeneza watu elfu sitini na moja wa mwaka 2171, kila mmoja na jina lake, kazi yake, ugomvi wake na jirani na jino lake linalomuuma. Hawakuwa watu, kila mtu idarani aliliapia hilo siku ya kwanza ya kazi. Lakini mwaka mmoja wa nyuma, mvua zilipokatika Februari, elfu mbili miongoni mwao walitoweka usiku mmoja, na tulipofika kazini tulivaa nguo nyeusi kwa mzaha. Kufika mchana mzaha ulikuwa umekwisha, na dada mmoja wa mapokezi alikuwa akilia.

"Kuna mlango mmoja," alisema Kachwele. "Kifungu cha kumi na mbili. Ukipata shahidi mmoja tu, mwenye kiapo, aliyeitumia ardhi ndani ya ile miezi sita, basi haikuwa tupu. Rekodi inafutwa, kijiji kinarudishiwa, na Wajao hawana cha kupigia kura. Alhamisi kuna kikao. Nimeliweka jina la Mwabuluba."

"Hakuna aliyeitumia. Wewe mwenyewe umesikia."

"Mimi nimesikia kwamba hakuna aliyekiri." Alifunga kumbukumbu. "Picha za angani za masika yale ni mawingu matupu. Ng'ombe walikuwa hawajavishwa hereni. Mtu akisema aliingia, hakuna wa kumpinga. Mimi sijakutuma kitu. Ila ujue na hili: ofisa akibainika ameandaa kiapo cha uongo, kumbukumbu zake zote zinafutwa. Umepima vijiji kumi na tisa. Nyumba, mashamba, visima vya hivyo kumi na vinane vingine, vyote umeviandika vizuri kwamba vimeendelezwa. Saini yako ikianguka, vyote vinarudi kuwa ardhi tupu siku hiyo hiyo. Unajua vinakwenda kwa nani."

Nilijua. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na suluhisho, na sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

3

Nilimkuta mama mdogo barazani akichambua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, anatupa iliyotobolewa na wadudu. Nilimweleza kila kitu. Safari hii sikuacha mstari wazi; nilimwambia hata habari ya dodoso, kwamba nilijua na nikanyamaza. Vidole vyake havikusimama. Nilipomaliza alisema, "Nilidhani ni mashine."

"Ni mimi, mayu."

"Afadhali. Mashine ningemtukana nani?"

Kisha nikamwambia habari ya kifungu cha kumi na mbili. Hapo vidole vikasimama.

"Unataka nikaseme niliingiza."

"Ng'ombe wawili tu. Mwezi wa pili. Jike na ndama wake."

"Mbele ya watu."

"Sheria inataka kikao kisikike kijijini papo hapo. Kutakuwa na spika kwenye ghala la pamba."

Aliweka ungo chini. "Kulwa Nshimba unamkumbuka?"

Nani asiyemkumbuka. Aliingiza mbuzi mmoja, mbuzi mgonjwa, mwezi wa tatu, kwa sababu mkewe alikuwa akinywa maziwa yake. Dagashida ikamtenga. Mtu aliyetengwa hasalimiwi. Haombwi moto wala hapewi. Shamba lake halina wa kumsaidia kupalilia. Ilikuwa miaka minne, na mkewe alipofariki katikati ya hiyo miaka, Kulwa alichimba kaburi peke yake tangu asubuhi mpaka jua linazama, sisi tukisikia jembe.

"Nani alisimama wa kwanza kusema atengwe?" aliuliza mama mdogo. "Mimi. Alikuwa binamu yangu, nikasimama wa kwanza kusudi wengine wasione aibu. Ndiyo maana ngitili hii ipo mpaka leo, na za wenzetu zimebaki majina. Na wewe unanijia na miguu yako miwili kuniambia nikasimame niseme mimi ndiye Kulwa."

"Sikuambii, mayu. Nakuomba."

"Ungeniambia ningekupiga. Ukiniomba nifanye nini?"

Nililia, na sioni aibu kulisema. Nililia kwa sababu alikuwa na haki na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Hakunibembeleza. Alisema kwamba katika maisha yake hajasema uongo mkubwa kuliko ule wa kumsifia shemeji yake kwamba anajua kupika, na hataanza akiwa na miaka sitini na saba.

Sauti za wanaume zilitukatiza. Kwa jirani, fahali alikuwa amelala. Kiangazi ng'ombe mwenye njaa akilala, bila msaada haamki tena, kwa hiyo wanapitisha mti chini ya tumbo, wawili huku, wawili kule, mmoja anavuta mkia, na wanamsimamisha kwa nguvu. Walimsimamisha. Akakaa wima kwa muda wa kuvuta pumzi tano, miguu ikitetemeka, akashuka tena chini taratibu, kama mzee anayetafuta kiti. Wakamsimamisha mara ya pili. Mara ya tatu mwenye fahali aliuachia mti, akaenda kusimama nyuma ya nyumba yake.

Mama mdogo alitazama yote. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, lakini nadhani hakuwa akiwafikiria wake. Alikuwa amekitunza kijiji hiki kwa neno moja gumu miaka thelathini, na sasa neno hilo ndilo lililokuwa likikiua.

"Alhamisi saa ngapi?" aliuliza.

4

Ukumbi wa jiji ulikuwa na baridi ya mashine, na mama mdogo alijifunika vitenge viwili. Alipewa kiti cha mbele. Mimi na Kachwele tulikaa nyuma yake. Ukutani akatokea mwanamke wa miaka thelathini na nne, nywele fupi, sare ya rangi ya maji, macho ya mtu aliyekesha kazini. Chini yake ziliandikwa habari zake: Tulizana Mabula, nesi, Mtaa wa Ngitili, msemaji wa Wajao kwa zamu ya robo hii.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Mama mdogo alimtazama kwa muda. "Sijui kama inafaa kuitikia shikamoo ya mtu ambaye hajazaliwa. Lakini marahaba, mwanangu. Uzaliwe salama."

Watu walicheka kidogo. Hata Tulizana alitabasamu, nami nikaanza kumwogopa, kwa sababu nilimpenda.

Alisema zahanati yake iko mahali ambapo sisi tunapaita Ngitili. Ina vitanda arobaini. Ina kisima kimoja, na kisima hicho hakijakauka hata miaka ya njaa. Alisema wanajua kwamba maji yale yapo kwa sababu kuna watu waliyaacha majani yaote. "Tumekubaliana mtaa wa pili uitwe Mwabuluba," alisema. "Tunawashukuru kila mwaka, bibi. Tuna siku yenu."

"Jina halishibishi ng'ombe," alisema mama mdogo.

"Najua. Ndiyo maana tumekuja kusikiliza. Tuambie."

Karani alimletea kiapo. Mama mdogo aliweka mkono juu yake, na nikaona ule mkono ulivyozeeka. Nilikuwa na nafasi ya kusema acha. Ilikuwa nafasi ndefu kabisa, karani alikuwa akitafuta kalamu. Nikawafikiria ng'ombe kwenye mstari, nikawafikiria wanaume wanne na ule mti wao, nikanyamaza.

"Naitwa Mbuke binti Sayi," alisema. "Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ngitili ya Mwabuluba. Mwaka jana mwezi wa pili, ngitili ikiwa imefungwa, niliingiza ng'ombe wawili. Jike na ndama wake. Siku tatu, alfajiri. Hakuna aliyeniona. Ofisa alipouliza nilisema hata panya hajaingia, kwa sababu niliogopa. Sasa nasema kweli."

Neno kweli alilitamka bila sauti kutetemeka. Nilijua kwamba kilomita ishirini na mbili kutoka pale, kwenye uwanja wa ghala la pamba, kijiji kizima kilikuwa kimesimama chini ya spika.

Uso wa Tulizana ulibadilika. Ilichukua muda, kama wanavyochukua muda wote elfu sitini na moja wanapoulizana. Kachwele aliniinamia, akanong'ona kwamba kifungu cha kumi na mbili kimetimia, rekodi lazima ifutwe. Alikuwa na furaha ya kweli.

"Rekodi inafutwa," alisema Tulizana. "Ardhi haikuwa tupu. Sheria iko wazi." Nikaachia pumzi. Lakini alikuwa hajamaliza. "Ikiisha kufutwa, ardhi inaandikwa upya leo, na swali linakuwa lingine: je, wanaoitumia wanaweza kuitunza? Nalo hilo tuna kura. Bibi, naomba nikuambie jambo, kwa sababu naona ni haki yako kulijua. Tangu juzi tumekuwa tukisoma habari za ngitili. Tumesoma adhabu za dagashida za miaka themanini. Tumesoma habari za mtu mmoja na mbuzi mgonjwa. Tuliogopa, na tukaheshimu. Jana jioni tulipiga kura ya awali. Elfu arobaini na nne kati yetu walikubali muingize mifugo miezi mitatu kila kiangazi, daima, kwa sababu hakuna jiji duniani linaloweza kuifunga ardhi kama mnavyoifunga ninyi. Tulikuja leo kuwaambia hivyo."

Alimtazama mama mdogo kabla ya kuendelea.

"Sasa mwenyekiti wa kamati yenyewe anatuambia kwamba aliingia imefungwa, na kwamba alificha. Tumepiga tena. Wanaokubali ni elfu tatu na mia mbili." Alikuwa kama anaomba radhi. "Kisima chetu ni kimoja, bibi. Hatuwezi kukikabidhi kwa neno ambalo mwenye neno mwenyewe amelivunja."

Nilisimama. Sikupanga; magoti yalinyooka yenyewe. Nilikuwa na maneno mdomoni tayari, kwamba mama huyu hajawahi kulivunja, kwamba ni mimi, kwamba majani yale ni ushahidi. Kachwele alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Vijiji kumi na vinane," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Watu elfu ishirini na saba. Wana nyumba, Limi. Kaa."

"Ofisa ana la kusema?" aliuliza Tulizana.

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa amegeuka, ananitazama, na usoni mwake niliona kwamba ameelewa kila kitu haraka kuliko mimi. Habari ya vile vijiji nilimwambia mwenyewe, barazani, juu ya michembe. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"Hana," alisema yeye kwa niaba yangu. "Amechoka tu, alinileta mapema."

Nikakaa.

5

Dagashida iliitishwa kesho yake saa nne asubuhi, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Usiku ule ng'ombe saba walikuwa wamekufa, na harufu ilishaanza kutufikia. Mwenyekiti wa dagashida alikuwa Lugiko Maganga, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye mama mdogo alimfundisha kusoma saa. Alisimama akashindwa kuanza, akasafisha koo, akashindwa tena.

"Lugiko," mama mdogo alimwambia, "nilikufundisha kupoteza muda?"

Basi akauliza. "Mama Mbuke, tulisikia kwenye spika. Tunataka tusikie hapa. Uliingiza?"

Watu wote walikuwa wakitaka aseme hapana. Niliona kwenye nyuso zao. Walikuwa wakimjua, na nadhani nusu yao walishakisia kwamba kuna jambo, maana macho yao yalikuwa yakimwacha yeye yakinijia mimi. Wangeniuliza ningesema. Najiambia hivyo. Lakini nyuma ya uwanja, juu ya paa la ghala, kile kijitaa chekundu cha spika ya jiji kilikuwa bado kinawaka, kinasikiliza, kwa kuwa sheria inataka mashauri yote ya ardhi yasikike kote kote kwa siku saba. Neno lolote pale lilikuwa neno la ukumbini.

"Niliingiza," alisema mama mdogo. "Ng'ombe wawili, siku tatu. Nyote mnajua adhabu yake, niliipigania mwenyewe. Nani anasimama wa kwanza?"

Hakuna aliyesimama. Upepo uliinua vumbi, mtoto wa mtu akakohoa. Lugiko alikuwa akilia waziwazi. Mwishowe, kutoka nyuma kabisa, alisimama mtu ambaye sikumtarajia, au labda ndiye pekee niliyepaswa kumtarajia. Alikuwa Kulwa Nshimba. Hakuwa na furaha usoni hata chembe.

"Nasimama," alisema, "kusudi wengine wasione aibu."

Mama mdogo aliinamisha kichwa kumkubalia, kama mtu anayepokea mgeni.

Kwa desturi, hukumu ikishatoka watu hupanga mstari na kupita mbele ya aliyetengwa mmoja mmoja, kimya, bila kumtazama, ili yeye na wao wajue kwamba imeanza. Inawahusu wote. Ndugu ndio hupita mwisho. Nilisimama mkiani mwa ule mstari na kuwaona wakipita watu aliowazalisha, watu aliowakopesha mbegu, Lugiko akipita ameshika kofia. Niliwaza kwamba nitamsalimia. Niliwaza kwamba nitapiga magoti mbele yao wote niseme shikamoo mayu kwa sauti kubwa, nami nitengwe naye, na hilo hata taa nyekundu isingeweza kulifanya kosa. Kisha nikawaza kwamba kijiji hakina mtu mwingine katika ofisi ile, kwamba kesho kutakuwa na fomu za rufaa, kwamba aliyetengwa hawezi kuandika kwa niaba ya Mwabuluba. Sijui mpaka leo kama hizo zilikuwa sababu au visingizio. Mstari ulikuwa unasogea.

Aliyekuwa mbele yangu akapita. Nikafika. Nilifungua mdomo, na kabla sijajua kilichokuwa kinataka kutoka, mama mdogo Mbuke aligeuza uso wake upande wa pili, yeye kwanza, ili nisipate taabu ya kuchagua.